Nimeshona mwavuli wa kurukia, umechanika tena kando ya kiraka. Kosa ni langu ama la kitambaa?

#1 FundiKibuye
Wadau habari. Mimi ni fundi wa turubai, hema na mabegi hapa Kisumu, kibanda changu kiko upande wa soko la Kibuye. Mwezi uliopita kijana mmoja alishuka kutoka Iten na begi kubwa mgongoni, nikadhani ameleta hema. Kumbe ni paraglaida, ule mwavuli mrefu kama bawa ambao watu huruka nao kutoka ukingo wa Elgeyo wakielea juu ya Bonde la Kerio. Alikuwa ametua kwenye mgunga na miiba ikapasua kitambaa cha juu, mpasuko wa kama kiwiko changu hadi ncha ya vidole.

Nilimwambia sijawahi kushona kitu cha kubeba mtu angani. Akasema haruki nayo, ni ya mazoezi ya uwanjani tu. Nikakubali. Nilikata kiraka kutoka hema la mtumba la ripstopu, kile kitambaa chenye vimraba vidogo, nikashona mizunguko miwili kwa uzi wa poliesta, sindano namba 16 kwa sababu ndiyo iko kwa mashine. Kazi ilitoka safi, mimi mwenyewe niliipenda.

Juzi amenipigia. Ameitandaza uwanjani, upepo ukaingia, ikainuka vizuri, mara praaa! Kiraka kiko vilevile, hakuna uzi uliokatika hata mmoja. Kilichochanika ni kitambaa chake, kando kando ya mshono wangu, kikifuata mashimo ya sindano. Hakuna aliyeumia. Anataka nirudie bure. Kurudia sikatai, lakini nikirudia vilevile si itachanika vilevile? Nisaidieni.

#2 NaxKijana
Kwa hivyo uzi haukukatika na umekuja kufungua uzi. Nimekaa mbele kabisa, naomba njugu.

#3 Mama_Cherehani
Fundi, jibu umelitoa mwenyewe: "kikifuata mashimo ya sindano". Umetengeneza stempu. Unajua stempu ya posta inavyochanika pale penye matundu? Namba 16 ni sindano ya jinzi na turubai. Kitambaa cha mwavuli ni chepesi kuliko kitambaa cha ndani ya koti. Hapo ni namba 11, ikizidi sana 12, mpya kutoka paketi. Mishono yako ilikuwa na urefu gani?

Nashona nguo za shule Nakuru miaka ishirini na kitu, na kosa hili naliona kila Januari kwa mafundi wanaofikiri mshono mfupi ndio imara.

#4 FundiKibuye
@Mama_Cherehani asante mama. Niliweka milimita moja na nusu. Nilifikiri nikibana ndio inashika.

#5 Mama_Cherehani
Basi. Milimita moja na nusu, mizunguko miwili, sindano nene. Ulichokifanya hapo kinaitwa kukata kwa sindano. Kesi imefungwa.

#6 KerioUpepo
Haijafungwa mama, pole. Mimi naruka Kerio tangu zamani kidogo, na hii hadithi naijua mwisho wake kwa sababu mbili.

Kwanza, kitambaa cha paraglaida ni nailoni ya gramu 30 hadi 40 hivi kwa mita ya mraba, na imepakwa utando wa plastiki mwembamba ili hewa isipite. Kinachokiua ni jua. Iten iko juu mita 2,400 hivi na ikweta iko karibu, jua la pale halina utani. Vijana wanatandaza bawa saa nne asubuhi wakisubiri upepo, linakaa wazi hadi saa saba, jioni wanasema "leo sijaruka". Hawajaruka, lakini kitambaa kimezeeka.

Pili, paraglaida nyingi za mazoezi ni zile zilizostaafishwa kuruka. Sasa unashona kiraka kipya kwenye kitambaa mzee. Hata ungetumia sindano ya daktari, kingechanika mahali pengine.

Muulize mwenyewe ina saa ngapi za hewani na ni ya mwaka gani. Kila bawa lina lebo imeshonwa ndani.

#7 NaxKijana
Kiraka kipya kwenye kitambaa mzee. Mchungaji wetu alihubiri hii Jumapili, sikujua ni mambo ya ndege.

#8 JaMuhoroni
Omera fundi, pole. Sisi huku Chemelil tumezoea miavuli ambayo haina fundi kabisa. Zile ndege ndogo zisizo na rubani zinazopeleka damu na dawa hospitalini zinadondosha kifurushi na mwavuli wa karatasi. Ukianguka umeanguka, hakuna kukunja wala kushona. Watoto huku wakiona moja hawalali.

#9 KerioUpepo
@JaMuhoroni huo ni mwavuli wa kutumia mara moja, hesabu yake ni tofauti. Kifurushi hakifiki kilo mbili na kinaachiwa karibu na ardhi. Ukikosea unapoteza chupa ya dawa. Hapa kuna mtu amening'inia.

#10 LokiMzee
Mmenikumbusha mbali. Miaka ya tisini nilikuwa mpakizi wa mizigo Lokichoggio, wakati wa ile operesheni ya kulisha Sudan Kusini iliyoanza 1989. Tulikuwa tunapakia ndege kubwa za mizigo za Hercules, tani kama 16 kwa safari.

#11 Mgeni_Kitale
Mzee, Loki ndiko mlikuwa mnapakia miavuli? Wajomba wangu walikuwa wanasema magunia yalishuka kwa miavuli huko Sudan.

#12 LokiMzee
Wajomba wako walisikia vibaya. Nafaka ilishuka bila mwavuli. Gunia la kilo hamsini tuliliweka ndani ya gunia, na hilo ndani ya lingine. La ndani likipasuka, la nje linashika. Ndege inashuka mita mia mbili au tatu juu ya uwanja uliowekwa alama nyeupe, inainua pua kidogo, kizuizi kinakatwa, magunia yanateleza yenyewe kwa uzito. Mwavuli wa kila gunia ungegharimu kuliko mahindi. Na watu wa chini lazima wawe wameondolewa uwanjani, maana gunia likitoka juu halichagui.

Kwa hivyo kazi yetu ya "kurekebisha" ilikuwa magunia. Tulikuwa na watu wa kukagua mishono ya midomo siku nzima. Na niambie fundi, gunia lililoshonwa mdomo kwa mishono ya kubanana sana ndilo lilikuwa linapasuka pale pale mdomoni. Mama wa Nakuru anasema kweli.

#13 Mama_Cherehani
@LokiMzee Mungu akubariki. @KerioUpepo umesoma?

#14 KerioUpepo
Nimesoma. Gunia ni polipropilini iliyofumwa kwa vipande bapa, si nailoni. Ila heshima kwa mzee.

#15 Mgeni_Kitale
Asante mzee kwa kunirekebisha. Na mafuta ya kupikia je? Hayo si yangemwagika?

#16 LokiMzee
Wakati wetu mafuta yalienda kwa barabara au ndege ikatua. Nasikia kuanzia 2015 ndio Shirika la Mpango wa Chakula lilianza kuyadondosha Sudan Kusini kwa miavuli maalumu. Mimi nilishatoka kitambo. Nafuga kuku sasa.

#17 Mwalimu_Kemia
Mulembe wadau. Naingia hapa na jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Huyo kijana alisafirisha hiyo paraglaida kwa gari gani kutoka Iten hadi Kisumu?

Nauliza kwa sababu nailoni inavumilia vitu vingi. Inavumilia alkali, inavumilia petroli kiasi, lakini asidi ya madini inaikata minyororo yake ya molekuli kama wembe. Mvuke wa betri ya gari unatosha. Hutaona doa wala kunusa kitu, ila ukivuta kitambaa kinaachana kama karatasi ya chooni.

Hili limewahi kutokea kwa ukubwa. Miaka ya 1980 kule Marekani iligunduliwa kwamba miavuli ya akiba ya duara kutoka viwanda fulani ilikuwa imewekwa wavu wenye mabaki ya asidi. Wavu ulipokunjwa pamoja na kitambaa, kitambaa kilichougusa kikadhoofika, mwavuli umekaa tu kwenye begi bila kurukwa hata siku moja. Wakawa wanaupima kwa dawa ya bromokresoli ya kijani, ambayo kwenye asidi hugeuka njano, halafu wanabana kitambaa kwa vibanio na kukivuta kwa mizani ya springi.

Jua lingeharibu bawa zima. Asidi huharibu mahali. Kama pengine kitambaa ni kizuri na hapo tu ndipo kibovu, tafuta betri.

#18 FundiKibuye
@Mwalimu_Kemia umenishtua. Nimempigia sasa hivi. Anasema alipata lifti ya pikapu kutoka Eldoret, begi likawekwa nyuma "pamoja na vitu vingine". Nikamuuliza vitu gani. Akasema jenereta, mikungu ya ndizi, na betri moja.

#19 NaxKijana
Aaaaah! Mwalimu apewe cheti.

#20 Mama_Cherehani
Na kabla ya pikapu ilikuwa imepasuliwa na mgunga. Mgunga nao ulikuwa na betri?

#21 Mwalimu_Kemia
Mama, mgunga ulieleza mpasuko wa kwanza. Tunatafuta wa pili.

#22 Para_Mstaafu
Salamu. Nilitumikia kikosi cha miavuli na miaka kadhaa nilikaa chumba cha kukunja. Mambo ya kikosi sitayaanika hapa, lakini ya ufundi ni yaleyale dunia nzima, na yameandikwa vitabuni kwa yeyote.

Fundi, hukuuliza swali la kwanza. Mwavuli hauanzi kwa sindano, unaanza kwa ukaguzi. Unautandaza kwenye meza ndefu yenye mwanga. Unapita paneli moja moja, mbele na nyuma, mkono wako ukiwa ndani ili uone matundu. Unahesabu kamba zote. Ule wa duara aina ya T-10 ya Marekani una kamba 30, na unazifuata moja baada ya nyingine kutoka ukingo hadi mkanda. Kamba iliyokwaruzwa haifungwi fundo, inaondolewa nzima na kuwekwa nyingine. Vifaa vyako unavihesabu kabla na baada, vile vipini vya muda na vile vifuko vizito vya kukandamizia mikunjo. Kifaa kimoja kikikosekana, mwavuli unakunjuliwa hata kama ni saa kumi na moja jioni na basi linapiga honi nje.

Halafu kila kitu kinaandikwa kwenye kadi: nani alikunja, nani alikagua, lini. Kadi ya hiyo paraglaida uliiona?

Kuhusu mishono: kwa kitambaa chepesi, vitabu vya Marekani vinataka mishono 7 hadi 11 kwa inchi. Milimita moja na nusu ni kama 17. Mama yuko sahihi kwa hilo. Lakini kuna jambo lingine. Hema lako la mtumba ni kitambaa kizito na kigumu kuliko nailoni ya bawa. Kitambaa cha bawa kinanyooka kidogo kikipata upepo, kiraka chako hakinyooki. Mzigo wote unakimbilia ukingoni mwa kiraka. Hata ungekuwa na sindano ya dhahabu, palepale ndipo pangekatika.

#23 KerioUpepo
Hiyo ya kiraka kigumu naikubali kabisa. Na je fundi, ulilinganisha nyuzi? Mistari ya vimraba vya kiraka na ya bawa iende njia moja? Ukigeuza kiraka mshazari, upande mmoja unavutika na mwingine haujui kinachoendelea.

#24 FundiKibuye
Hapana. Nilikigeuza ili rangi ifanane.

#25 NaxKijana
Rangi ifanane 😂😂 Fundi alikuwa anashona gauni la harusi.

#26 Mama_Cherehani
Cheka tu. Vita vya pili vya dunia vilipoisha, Ulaya wasichana waliolewa na magauni ya miavuli kwelikweli. Hariri ya mwavuli ilikuwa haipatikani dukani.

#27 Mgeni_Kitale
Kwani miavuli ya jeshi si bado ni ya hariri?

#28 Mwalimu_Kemia
La. Nailoni ilitengenezwa 1935 kwenye maabara ya DuPont, na vita vilipoingia, hariri ya Japani ikawa haifiki Marekani, wakahamia nailoni. Tangu hapo haijarudi hariri isipokuwa makumbusho.

#29 Para_Mstaafu
@Mwalimu_Kemia sawa. Ongeza kwamba hata muda wa kukunja upya umebadilika kwa sababu ya vitambaa. Marekani mwavuli wa akiba wa kiraia ulikuwa ukunjwe upya kila siku 120, na tangu 2008 ni siku 180. Walioomba mabadiliko walisema kuukunjua na kuukunja mara kwa mara nako ni kuuchakaza.

#30 Wakili_Mtaani
Nimepita kimya hadi hapa. Swali langu si la sindano. Fundi, mlikubaliana wapi kwamba hairuki? Kwa mdomo? Kesho akiruka nayo akaangukia shamba la mtu, mwenye jina kwenye risiti ni nani?

#31 FundiKibuye
Risiti sikuandika.

#32 Wakili_Mtaani
Sijui nicheke ama nilie. Kabla ya kurudia kazi andika karatasi mbili, yeye asaini: ni ya mazoezi ya chini tu. Na hapo kwenye kitambaa andika kwa wino usiofutika, herufi kubwa, HAIRUKI.

#33 Para_Mstaafu
Naunga mkono. Marekani fundi wa miavuli ana leseni, na hata yule wa daraja la kwanza haruhusiwi matengenezo makubwa, mpaka awe daraja la juu. Akimaliza kuukunja wa akiba anautia lakiri ya risasi yenye alama yake. Mwavuli usipofunguka, wanajua pa kuanzia kuuliza.

#34 NaxKijana
Risasi? Wanampiga?

#35 Para_Mstaafu
Risasi madini, kijana. Soma.

#36 JaMuhoroni
Lakini hata wenye leseni na ndege kubwa wanakosea. Si Syria, Deir ez-Zor, Februari 2016, hao hao wa Mpango wa Chakula walidondosha chakula kutoka juu sana, baadhi ya miavuli ikakataa kufunguka na mizigo mingine ikaangukia kusikotakiwa? Walienda kujipanga upya, wakarudi Aprili.

#37 LokiMzee
Ukidondosha kutoka juu sana, upepo una muda wa kukuchezea. Sisi mita mia tatu tu na bado gunia moja liliwahi kutafuta paa la choo. Halikuwa na mwavuli lakini lilijua njia.

#38 Mgeni_Kitale
Mwavuli wa kubeba mzigo mkubwa nao unashonwa na watu hawa hawa?

#39 Para_Mstaafu
Ufundi ni mmoja, ukubwa ndio tofauti. Ule aina ya G-12 una kipenyo cha futi 64 na unabeba kama kilo 1,000. Kuukausha tu ni kazi, lazima kuwe na mnara wa kuuning'iniza. Chini ya mzigo wanaweka karatasi ngumu za muundo wa sega la nyuki, zijipondeponde badala ya mzigo. Na ukitua matopeni, hausuguliwi kwa brashi ya nguo. Acha tope likauke, likung'ute, kisha maji safi na sabuni laini, kivulini.

#40 Mama_Cherehani
Tumetoka Kibuye tumefika Syria. Fundi, mimi nina swali moja dogo. Baada ya kushona, ulipiga pasi?

#41 FundiKibuye
...

#42 FundiKibuye
Nilipiga. Kidogo. Kitambaa kilikuwa na makunyanzi kwa sababu ya begi, nikataka mteja aone kazi imenyooka.

#43 KerioUpepo
Yesu wangu.

#44 Mwalimu_Kemia
Pasi ya umeme ama ya makaa?

#45 FundiKibuye
Ya makaa. Stima ilikuwa imepotea.

#46 NaxKijana
Nimeanguka kwenye kiti. Wadau, paraglaida imepigwa pasi ya makaa.

#47 Mwalimu_Kemia
Tusicheke, tufikiri. Nailoni ya aina ya 6,6 huyeyuka karibu nyuzi joto 260. Pasi ya makaa haina kipimo, inaweza kuwa 150, inaweza kupita 200. Kitambaa hakikuyeyuka, angeona. Lakini ule utando aliosema KerioUpepo unaharibika mapema zaidi, na nyuzi zikipashwa moto bila kuvutwa zinajikunja na kupungua urefu. Sehemu iliyopigwa pasi ingekuwa imebana kuliko jirani yake. Fundi, ulipiga kiraka peke yake ama na kando?

#48 FundiKibuye
Kiraka na kando kidogo. Kama kiganja kuzunguka.

#49 KerioUpepo
Na kamba? Usiniambie pasi iligusa kamba. Kamba nyingi za siku hizi ni Dyneema, aina ya uzi wa plastiki imara sana, na hiyo inayeyuka kwenye nyuzi joto 150 au chini kidogo.

#50 FundiKibuye
Kamba sikugusa, zilikuwa kwenye mfuko.

#51 KerioUpepo
Afadhali. Nikiwa hapo hapo kwenye kamba, kwa wengine wanaosoma: Dyneema isiyobeba mzigo mkubwa husinyaa polepole, hasa zile za nyuma. Za mbele zinabeba mtu kwa hivyo zinanyooshwa kila siku. Baada ya muda za nyuma zinakuwa fupi kuliko za mbele kwa sentimita chache, bawa linakaa kama limevutwa breki, linapunguza mwendo, na siku mbaya linakataa kuruka mbele kabisa, linashuka kama gunia la LokiMzee. Zile za aramidi (kama Kevlar) hazisinyai hivyo, lakini zinachukia kukunjwa mara kwa mara mahali pamoja. Ndiyo maana kamba zinapimwa urefu kwa leza au kwa mkanda chini ya mzigo sawa. Kwa macho huwezi kuona sentimita mbili kwenye mita saba.

#52 Mgeni_Kitale
Hapa dukani Kitale wanauza kamba wanaita "ya parashuti", shilingi chache mita. Ni kweli?

#53 Para_Mstaafu
Kata ncha uchungulie ndani. Ile ya kweli ya aina ya tatu, wanayoiita 550 kwa sababu inabeba ratili 550, kama kilo 250, ina nyuzi saba za ndani au zaidi, na kila moja imesokotwa kwa vijiuzi. Ukikuta pamba moja nyeupe katikati, hiyo ni ya kuanika nguo.

#54 Mgeni_Kitale
Nimekata. Ni pamba moja nyeupe.

#55 NaxKijana
Anika nguo kwa amani.

#56 FundiKibuye
Wadau, nimefanya jaribio. Kijana alileta paraglaida leo asubuhi. Nimefanya kama KerioUpepo alivyonielekeza kwa ujumbe: unatoboa kitambaa kwa sindano, unafunga mizani ndogo ya springi, unavuta polepole uone inachanika kwa gramu ngapi. Mizani nimeazima kwa muuza omena.

Mbali na kiraka, upande wa chini wa bawa: nilivuta hadi gramu 600 na kitu, haikuchanika. Upande wa juu, mbali na kiraka: ilianza kuchanika kabla ya 600, kama 500 hivi. Karibu na kiraka, pale nilipopiga pasi: 300 tu. Lakini kona moja ambayo sikupiga pasi na haina kiraka, upande uliokuwa chini kwenye begi: 250!

#57 Mwalimu_Kemia
Upande uliokuwa chini kwenye begi! Betri ilikuwa wapi kwenye pikapu? Chini!

#58 KerioUpepo
Juu 500, chini zaidi ya 600. Hiyo ni jua. Jua linapiga juu. Kwetu 600 ndio mpaka, chini ya hapo bawa limestaafu. Mambo mengine yote ni maua juu ya jeneza.

#59 Mama_Cherehani
Na kando ya mshono 300. Mnataka nini tena?

#60 Para_Mstaafu
Pale ndipo pia alipopiga pasi, mama. Huwezi kutenganisha. Na mizani ya omena ina usahihi gani?

#61 FundiKibuye
Muuza omena anasema iko sawa. Wateja wake wanasema haiko sawa.

#62 Mwalimu_Kemia
Hiyo kona ya 250 iguse kwa maji kidogo yaliyosafishwa, kisha karatasi ya litmasi. Nitakutumia chache kwa matatu kutoka Kakamega. Ikigeuka nyekundu nimeshinda.

#63 KerioUpepo
Na isipogeuka?

#64 Mwalimu_Kemia
Isipogeuka asidi imeshakauka na kufanya kazi yake.

#65 KerioUpepo
Kwa hivyo hushindwi kamwe. Elimu nzuri.

#66 JaMuhoroni
Na kama begi lilikuwa kwenye maji? Kijana anaishi karibu na mto.

#67 Mwalimu_Kemia
Maji baridi (yasiyo na chumvi) hayaidhuru nailoni, yataleta ukungu na harufu tu. Hata ungeitumbukiza Ziwa Nakuru, lile ni magadi, pH karibu 10, nailoni ingevumilia kuliko poliesta. Chumvi ya baharini ndiyo mbaya, ikikauka inakwangua nyuzi. Walioko Diani wanaosha kwa maji baridi siku hiyo hiyo.

#68 NaxKijana
Ziwa Nakuru ingerudi na flamingo wawili ndani.

#69 FundiKibuye
Nimeongea na kijana. Nimemwonyesha namba. Amekubali bawa hilo haliruki tena, hata la mazoezi anaogopa. Nimemrudishia nusu ya pesa, maana kusema ukweli pasi ni yangu na betri si yangu. Kamba na mikanda anampelekea mtu wa Kerio akazipime. Kitambaa ameniachia.

Mama, nimenunua sindano namba 11 paketi nzima. Nimeshona vipande viwili vya mabaki, kimoja namba 16 milimita moja na nusu, kingine namba 11 milimita tatu, vyote kutoka upande wa chini ulio mzima, bila pasi. Cha kwanza kimechanika kwa mkono. Cha pili nimevuta na mtoto wangu akavuta upande ule, hakijachanika.

#70 Mama_Cherehani
Sitasema kitu.

#71 KerioUpepo
Upande wa chini ulio mzima, mama. Jaribu upande wa juu.

#72 Para_Mstaafu
Na kiraka kilikuwa cha kitambaa kilekile, si cha hema. Jaribu na cha hema.

#73 Mwalimu_Kemia
Litmasi ziko kwa dereva, matatu ya saa nane. Bahasha ya kaki.

#74 Mgeni_Kitale
Fundi, hicho kitambaa ulichoachiwa ni mita ngapi? Nina ruracio (sherehe ya mahari) Desemba, na hema la kukodi ni ghali.

#75 FundiKibuye
Kama mita za mraba 25. Lakini upande wa juu jua likiwaka usisimame chini yake ukipiga picha.

#76 NaxKijana
Na makunyanzi usimpe fundi ayanyooshe.